Chuma kinachokula usiku



Mwezi huu naanza na habari ya aibu yangu mwenyewe. Nitaisema wazi, maana ndani yake kuna somo ambalo linaweza kusaidia kila mtu mwenye batri, grupu ao masini ya sudire.

Katika kituo kimoja cha afya cha eneo letu (jina silitaji) tulikuwa na pano za jua, batri moja kubwa ya volti 12, na konvertisa. Konvertisa ni lile sanduku zito ambalo linageuza umeme wa batri kuwa umeme wa volti 220, sawa na ule wa mjini. Katika chumba cha kuzalia kulikuwa taa nne ndogo, kila moja wati 5. Kila jioni ziliwashwa saa kumi na mbili. Lakini kila usiku, kabla ya saa kumi, zilizimika zote mara moja.

Usiku mmoja zilizimika wakati mama mmoja alikuwa katikati ya uchungu. Mkunga alimaliza kazi kwa mwangaza wa telefone ambayo shangazi ya yule mama aliishika juu. Mtoto alitoka mzima, na mama pia. Asubuhi hasira ilijaa kituo chote.

Watu walisema: «Ni mlinzi. Usiku anachaji telefone za wachimbaji na kula feza.» Halmashauri ilikutana, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Tukamwita Papa mlinzi. Hakubishana sana. Alisema tu: «Pasta, hiyo masini inalia usiku kucha, hata kama hakuna mtu anaitumia. Mimi naisikia.» Tuliona anatafuta njia ya kuponyoka. Tukakata nusu ya mshahara wake wa mwezi.

Juma mbili kisha, fundi mmoja alipita kutengeneza grupu. Nikamwomba aangalie na batri. Alizima taa zote nne, akachomoa kila kitu. Halafu akazungushia kamba ya batri kile kipimo chake chenye mdomo kama koleo. Kipimo kikaonyesha amperi 3 na nusu. Hakuna taa, hakuna telefone, hakuna mwizi, na umeme ulikuwa unaenda! Fundi akaweka mkono wangu juu ya konvertisa. Ilikuwa na joto, na ilikuwa inanguruma polepole kama nyuki ndani ya mzinga.

«Pasta,» akasema, «mwizi wenu ni huyu. Ni chuma cha transfo.»

HESABU YA USIKU MMOJA

Vijana, chukueni karatasi. Amperi 3.5 mara volti 12 ni wati 42. Sehemu kubwa ya hizo ililiwa na transfo iliyo ndani ya sanduku, na kidogo na vile vitu vidogo vya elektroniki vinavyoiongoza. Taa zetu nne zote pamoja zilikuwa wati 20 tu. Basi, ndani ya kila sehemu tatu za umeme, karibu mbili zililiwa na sanduku, na moja tu ikawa mwangaza.

Batri yetu ilikuwa ya amperi-saa 100. Mara volti 12, ni wati-saa 1,200. Lakini batri ya namna hii ukiimaliza yote inakufa upesi. Inafaa kutumia nusu, ndiyo wati-saa 600. Sasa gawanya 600 kwa 62 (wati 42 za sanduku na 20 za taa). Utapata saa 9 na dakika 40 hivi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, hiyo inakupeleka saa tisa na dakika 40 za usiku. Saa ileile ambayo taa zetu zilikuwa zinazimika! Hesabu ya darasa la sita ingeweza kumtetea yule mzee, lakini hakuna mmoja wetu aliyeifanya.

TRANSFO NI KITU GANI?

Wengi wanaona transfo kama sanduku la siri. Ndani yake kuna vitu viwili tu: waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, ambao tunauita bobini, na chuma kinachopita katikati ya bobini. Kwa kawaida bobini ni mbili. Umeme unaingia katika ya kwanza na kutoka katika ya pili, na nyaya za bobini hizo mbili hazigusani hata kidogo.

Unavukaje basi? Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba umeme katika bobini ya kwanza unafanya chuma kuwa sumaku, na sumaku ile ikibadilika, inaamsha umeme katika bobini ya pili. Angalieni neno hili: IKIBADILIKA. Sumaku iliyotulia haiamshi kitu. Kwa hiyo transfo inahitaji umeme wa kwenda na kurudi. Umeme wa batri unaenda njia moja tu. Ndiyo sababu kwanza konvertisa inaukatakata na kuugeuza, kisha inaupitisha katika transfo.

Mwaka 1885, kule Budapest, mafundi watatu wa kiwanda cha Ganz walitengeneza transfo yenye chuma kilichofungwa mviringo bila nafasi wazi, na njia ya umeme wa mbali ikafunguka. Leo umeme ukitoka Ruzizi kwenda Bukavu, ao ule ulioanza kutoka Matebe, Rutshuru, mwaka 2015, transfo inaupandisha volti nyingi ili usafiri bila kupotea sana njiani, na transfo nyingine inaushusha karibu na nyumba. Hata ile njia ndefu ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometre 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982 ili kulisha migodi ya Katanga na ambayo inapitisha umeme wa njia moja, iko na transfo kwenye mwanzo na kwenye mwisho wake.

Kwa hiyo transfo ni mtumishi mwema sana. Lakini ni mtumishi anayekula, na anakula kwa namna mbili.

NAMNA YA KWANZA: CHUMA KINACHOKA KUGEUKA

Chukua kipande cha waya wa fensi. Kikunje, kinyooshe, kikunje tena mara kumi upesi-upesi, halafu gusa pale ulipokunja. Ni moto! Hukuweka juu ya jiko. Nguvu ya mikono yako ndiyo imegeuka joto ndani ya chuma.

Ndani ya transfo inafanyika jambo la kufanana nalo. Chuma kina sehemu ndogo sana, na kila moja ni kama sumaku ndogo. Umeme wetu unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kila mara, zile sumaku ndogo zinalazimishwa kuangalia upande huu, halafu upande ule. Hazikubali kwa urahisi. Zinabaki nyuma kidogo, kama mtoto anayeamshwa asubuhi kwenda shule. Kuzilazimisha kunadai nguvu, na nguvu hiyo inakuwa joto.

Mskoti mmoja, James Alfred Ewing, aliyekuwa akifundisha Tokyo, kule Japani, alichunguza jambo hili katika miaka ya 1880 na kulipa jina la Kigiriki lenye maana ya kubaki nyuma. Mafundi wanaliita «histeresi».

Ule mngurumo ambao Papa mlinzi alikuwa anausikia unatoka katika chuma hichohicho. Chuma kikishikwa na sumaku kinabadilika urefu kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Kinafanya hivyo mara 100 kwa sekunde, na sikio linasikia.

NAMNA YA PILI: UMEME UNAOZUNGUKA BURE

Mmeona mto wakati wa mvua, mahali ambapo maji yanazunguka-zunguka bila kuteremka. Maji yale yana nguvu, hata yanaweza kumzamisha mtu, lakini hayafiki popote.

Sumaku inayobadilika inaamsha umeme katika bobini ya pili, ndiyo. Lakini chuma chenyewe nacho kinapitisha umeme! Kwa hiyo umeme unaamshwa ndani ya chuma pia, unazunguka humo kama yale maji, na hauwashi taa yoyote. Kazi yake ni kupasha chuma moto. Mfaransa Léon Foucault aliuonyesha mwaka 1855, na kwa hiyo mafundi wetu waliosoma shule za ufundi wanauita umeme wa Foucault.

Dawa yake ni nini? Kama ungetaka kuzuia maji yasizunguke, ungeweka vizuizi vingi karibu-karibu. Ndivyo walivyofanya kwa chuma. Fungua transfo iliyokufa utaona: chuma chake si pande moja. Ni vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Mara nyingi unene wa kimoja ni milimita 0.35 ao chini yake. Na kila kibati kimepakwa ngozi nyembamba, kama verni, ili umeme usivuke kwenda kwa jirani yake.

Hapa kuna kanuni nzuri ya kukumbuka: ukipunguza unene wa kibati mara mbili, hasara hii inapungua mara nne. Kibati cha milimita 1 kingepoteza karibu mara nane kuliko kile cha milimita 0.35.

Tena, mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza Robert Hadfield aliwaonyesha watengenezaji faida ya kuchanganya chuma na silisi kidogo. Ndiyo ileile silisi iliyo katika mchanga wa mto! Ukiweka kama sehemu 3 kwa 100, chuma kinakataa kupitisha umeme wa kuzunguka, na zile sumaku ndogo zinageuka kwa urahisi zaidi.

HAKIULIZI KAMA UNA KAZI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Transfo ina hasara mbili. Kuna hasara ya shaba, ndiyo joto la waya wa bobini. Hiyo inafuata kazi: ukitumia umeme nusu, hasara ya shaba inashuka mpaka robo. Usipotumia kitu, inakwisha karibu yote.

Lakini hasara ya chuma haifuati kazi. Inafuata volti. Mara tu transfo inapoingizwa katika umeme, chuma kinaanza kugeuzwa mara 50 kwa sekunde, uwe na taa mia ao usiwe na hata moja. Ni kama mwenye pikipiki anayengoja mteja sokoni bila kuzima moteri. Mteja hajafika, gari la mafuta liko mbali, lakini esansi inakwisha.

Mfano kutoka Ulaya. Kuanzia Julai 2015 mpaka katikati ya 2021, sheria yao ilisema transfo mpya ya mtaa ya kVA 100 isipoteze zaidi ya wati 145 katika chuma, na zaidi ya wati 1,750 katika shaba inapofanya kazi yote. Ukisoma upesi utasema chuma ni kitu kidogo. Lakini subiri usiku, watu wanapolala na kazi inabaki robo tu. Hasara ya shaba inashuka mpaka wati 109 hivi. Chuma kinabaki na 145 yake. Sasa chuma ndicho kinachokula zaidi! Na mwaka una saa 8,760, ambazo chuma kinazila zote: ni kilowati-saa 1,270. Katika transfo za zamani za kipimo hicho, chuma kiliweza kula wati 320, yaani kilowati-saa 2,803 kwa mwaka. Tofauti ya hizo mbili inatosha kuwasha karibu taa 70 kama zile za kituo chetu, saa 12 kila usiku, mwaka mzima.

Mjini, hasara hiyo inajificha ndani ya bei ya umeme. Kwetu Nyabiondo, ambapo wengi tunaishi na pano, batri na grupu, haina mahali pa kujificha. Inakupata saa tisa ya usiku.

MASHAURI KWA NYUMBA NA KWA KAZI

1. Zima konvertisa yenyewe, si taa tu. Ukizima taa na kuacha sanduku likinguruma, umemfukuza mgeni na kumwacha mlaji.

2. Taa za usiku zitoke moja kwa moja kwa batri, taa za volti 12, zenye fizibo ya kulinda waya. Konvertisa iwashwe kwa kazi maalum tu, kisha izimwe.

3. Usinunue kubwa kwa sababu ni kubwa. Sisi tulitafuta konvertisa ya wati 1,500 kwa taa za wati 20. Chuma kingi kinakula kingi. Uliza muuzaji: «Isipofanya kazi, inakula wati ngapi?» Kama hajui, mwombe mpime mbele yako.

4. Tumia mkono wako. Sharjeri ya zamani iliyo nzito, ikiwa na joto wakati telefone haipo, inakula bure. Zile mpya nyepesi zinakula kidogo sana. Lakini masini ya sudire usiiguse ndani. Fundi aizime na kuchomoa kila anapopumzika.

5. Mafundi wa kuzungusha bobini, sikieni. Msibadilishe vibati kwa pande moja la chuma. Msivipige nyundo, maana chuma kilichopigwa kinakula zaidi. Msikwangue ile ngozi yake. Vikikosekana vichache, tafuteni vya kufanana. Na msipunguze mizunguko ya waya wa kuingilia ili kuokoa shaba; chuma kitajazwa kupita kipimo, kitanguruma, kitawaka moto, na mteja atarudi na hasira.

6. Msipunguze mwendo wa grupu ili kuokoa esansi ao mazutu. Grupu nyingi ndogo zinatakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe mara 50 kwa sekunde. Ukiishusha mpaka 2,500 na volti ikabaki 220, chuma cha kila transfo katika nyumba kinajazwa sumaku sehemu 20 kwa 100 zaidi. Na volti ikipanda kupita kipimo, hasara inapanda vilevile.

7. Masini zinazotumwa na marafiki kutoka Marekani: soma kibandiko. Kikisema «60 Hz» peke yake, kuwa mwangalifu. Utanunua transfo ya kushusha volti 220 kuwa 110, lakini transfo haibadilishi zile mara 50 za umeme wetu kuwa 60. Chuma cha masini ile kitajazwa kupita kiasi na kinaweza kuungua. Kikisema «50/60 Hz», hapo ni salama, ikiwa volti ni sawa.

MWISHO WA HABARI

Tuliweka taa nne za volti 12 katika chumba cha kuzalia, nazo zinatoka moja kwa moja kwa batri. Konvertisa inawashwa mchana kwa mikroskopi na ordinatere, kisha inazimwa. Fanyeni hesabu tena: wati 600 za saa, gawanya kwa 20, ni saa 30. Usiku mzima unapita na batri inabaki na akiba kwa siku ya mawingu.

Halmashauri ilikutana tena. Tulimrudishia Papa mlinzi feza yake yote. Lakini feza haikutosha, kwa sababu jina lake lilikuwa limetembea sokoni. Nilisimama mbele ya watu walewale waliosikia nikimhukumu, nikasema: «Tulimwita mwizi, na hakuiba. Alituambia kweli, nasi hatukusikiliza kwa sababu yeye ni mlinzi na sisi ni halmashauri.»

Kisha nilimwuliza alijuaje. Akacheka kidogo. «Pasta, nyinyi mnakwenda kulala. Mimi nakaa nayo usiku mzima.»

Maulizo ya kujadiliana nyumbani na katika kikundi cha vijana:

1. Katika nyumba yenu, ni kitu gani kinanguruma ao kinapata joto wakati hakuna anayekitumia?
2. Konvertisa inakula wati 30 bila kazi. Ikiachwa saa 12, imekula wati-saa ngapi? Taa ya wati 5 ingewaka saa ngapi kwa umeme huo?
3. Kwa nini chuma cha transfo kinakatwa vibati, na si pande moja?
4. Ni nani katika kazi yenu anakaa karibu na masini kuliko wakubwa wote? Mmemwuliza lini anasikia nini?

Mbaki na amani. Tutaonana mwezi ujao.